Likizo ya Ziwani Isitegemee Bahati

Zamani, neno likizo lilipotajwa hapa Binza, kila mtu alifahamu kwamba anayesemwa ni mtumishi wa Serikali: mwalimu, karani au bwana shamba, anayekwenda kwao kuwaona wazee wake. Mkulima hakuwa na likizo. Mkulima alikuwa na kiangazi, na kiangazi kilikuwa na kazi zake: kuezeka nyumba, kuoa na kuoza, kudai madeni, kuwapeleka ng'ombe mbali kutafuta maji. Kusafiri na mke na watoto kwenda mahali ambapo hakuna ndugu, hakuna msiba wala arusi, kwa ajili ya kuketi mchangani tu na kutazama maji, ni jambo ambalo lingemfanya mtu aulizwe kama yu mzima.

Sasa mambo yamegeuka, na waliotugeuza ni watoto. Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa na pamba ya kwanza ilipokwisha kupimwa, watoto wetu walitujia na ombi. Walikuwa wameona katika simu ya binamu yao picha za jamaa moja, baba, mama na watoto, wamesimama juu ya mbao na kuletwa ufukoni na mawimbi ya bahari kana kwamba wamepanda punda. Wakataka nao wapelekwe huko. Tulipowauliza huko ni wapi, wakajibu kwa umoja kwamba ni baharini.

Bahari iko mbali nasi. Kutoka Bariadi mpaka Dar es Salaam ni safari ya kilomita zaidi ya 1,000, na nauli ya watu saba, kwenda na kurudi, ingemaliza pamba yote na kugusa mbuzi. Lakini Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, si mkoa wa nchi kavu peke yake kama wengi wanavyodhani. Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya ghuba hiyo kipo kisiwa cha Ukerewe, ambacho ni kikubwa kuliko visiwa vyote vilivyomo katika maziwa ya Afrika. Tukakata shauri kwamba bahari yetu itakuwa hiyo.

Hatuyaandiki haya ili tujisifie safari. Tunayaandika kwa sababu katika safari hiyo tulikaribia kumpoteza mtoto, na kwa sababu tunaamini kwamba ndugu zetu wa visiwani pamoja na wakubwa wa Serikali wanaweza kulizuia jambo la namna hiyo kwa gharama iliyo ndogo sana.

Njia yenyewe haina taabu. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami tupu, na mtu akiondoka alfajiri hufika kabla jua halijawa kali. Lamadi unakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, unageuka kulia, na mbele kidogo unapita lango la Ndabaka, ambapo mbuga ya Serengeti inashuka karibu kabisa na ziwa. Watoto waliona nyumbu kwa mbali, wakashangilia, na basi zima likacheka. Ukifika Bunda unaiacha barabara kuu, unashika njia ya rasi inayokwenda Kisorya, na huko ndiko nchi inakoishia.

Tulipoingia katika kivuko kinachovuka kutoka Kisorya kwenda Rugezi, mama watoto alinyamaza kimya. Hatukumwuliza sababu. Hakuna mtu wa kanda hii asiyeikumbuka meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu, wala kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Siku ile walikufa watu 228, na taifa zima likaomboleza kwa siku nne. Tangu hapo macho ya Serikali yamekuwa makali zaidi juu ya vivuko: abiria wanahesabiwa, na makoti ya kuokolea yanaulizwa yako wapi. Ni vema, na tunashukuru. Lakini mtoto mmoja akizama peke yake mwaloni, saa nane mchana, bendera haishushwi nusu mlingoti. Huzikwa jioni au kesho yake, majirani wakasema ni mapenzi ya Mungu, na habari ikaishia hapo.

Ukerewe tulipokewa vizuri, na wala hatukustaajabu, kwa maana kisiwa hiki kilianza zamani kupokea wageni waliofika wakiwa na shida ya majini. Mwaka 1875 msafiri Stanley alimwendea Mtemi Lukonge wa Ukerewe kuazima mitumbwi ya kuvushia watu na mizigo yake, na aliipata. Hapa ndipo alipoishi pia mzee Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, kile kitabu chake kikubwa cha Myombekere na Bugonoka, akangoja miaka 35 mpaka kilipochapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Aliaga dunia mwaka uliofuata. Tulikuwa tumepanga kuwaeleza watoto habari hizo tukiwa njiani kwenda Nansio, lakini wao walikuwa wakiuliza jambo moja tu: mbao za kusimama juu ya mawimbi zinauzwa duka gani.

Mbao hizo hazikuwapo dukani, lakini ufukoni zilikuwapo. Siku ya kwanza tulikwenda pwani ya kusini, inayotazama ghuba. Miezi hii upepo hutoka kusini-mashariki, hupita juu ya maji mapana, na hufika pwani hiyo ukisukuma mawimbi mbele yake. Tukakuta vijana wa kisiwani, mkubwa wao pengine hakuzidi miaka 13, kila mmoja ana kipande cha ubao wa mtumbwi uliokongoroka. Walikuwa wanaingia majini hadi kiunoni, wanangoja wimbi, kisha wanajitupa juu ya ubao kwa tumbo, na wimbi linawaleta mpaka mchangani. Hawakusimama, maana mawimbi ya ziwa hayaruhusu. Wimbi kubwa la bahari huzaliwa na dhoruba iliyo mbali sana, likasafiri siku kadhaa hata likawa refu na la mpango mzuri. Wimbi la ziwa huzaliwa asubuhi na kufa jioni, ni fupi, na linakanyagana na mwenzake. Lakini kwa kulala kifudifudi linatosha, na furaha yake tuliiona kwa macho yetu.

Huenda msomaji akadhani mchezo huu ni wa Wazungu wa Marekani na Australia, na kwamba vijana wale waliuiga kutoka katika simu. Si hivyo. Wenyeji wa visiwa vya Hawaii waliusitawisha kwa karne nyingi kabla ya wageni kufika, na katika pwani za Afrika Magharibi nako ulikuwapo. Mwaka 1834 Mwingereza mmoja, James Alexander, akiwa Accra, aliandika kwamba aliwaona wavulana wakiogelea kwenda baharini na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi liwarudishe pwani. Ni mchezo uleule tuliouona Ukerewe, na hakuna aliyewafundisha vijana wetu zaidi ya ziwa lenyewe na ukosefu wa mpira.

Mwanetu wa kiume alipewa ubao, akaanguka mara nyingi, akanywa maji, akajifunza. Mama watoto aliingia na kanga zake mpaka magotini, baadaye mpaka kiunoni, akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mavuno ya mwaka wa mvua nyingi. Jioni tulikula sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, na machungwa ya Ukerewe, ambayo sifa yake inajulikana hata kwetu. Sisi nasi tulikuwa tumewachukulia wenyeji wetu michembe na matobolwa kutoka nyumbani, na ilikuwa furaha kuona vinavyogombewa. Kama likizo ingaliishia siku ile, tusingalikuwa na neno la kuandika isipokuwa shukrani.

Siku ya tatu tuliambiwa kwamba upande wa pili wa kisiwa kuna ufuko ambao maji yake yametulia na unafaa kwa watoto wadogo. Tukaenda. Ni kweli yalikuwa yametulia. Nyuma yetu kulikuwa na kilima na miti, upepo ulikuwa unapita juu ya vichwa vyetu bila hata kututikisia kofia, na maji yalikuwa laini kama maziwa yaliyomo kibuyuni. Sehemu moja ya ufuko ilikuwa imezungushiwa ua wa nyumba ya wageni, ambayo hatutaitaja, na mlinzi wake alikuwa anawafukuza watoto wa kijiji wasipite mchangani mbele ya ua huo. Tulisikitika, lakini tulikuwa wageni, tukasogea mbele na kunyamaza. Huko mbele kijana mmoja alikuwa anakodisha tyubu za magurudumu ya lori zilizojazwa upepo. Tulikodi mbili.

Binti yetu mwenye miaka tisa alikaa katika mojawapo, miguu nje, mikono ikipiga maji. Alikuwa hatua kumi kutoka kwetu. Tuliinamisha kichwa kumtolea mwiba mdogo wake aliyekanyaga tete. Tulipoinua macho alikuwa hatua arobaini. Tukamwita arudi. Akapiga maji kwa mikono yote miwili, akicheka, na badala ya kurudi akazidi kwenda. Akapiga tena, na safari hii hakucheka. Kumbe upepo uliokuwa unapita juu ya vichwa vyetu ulikuwa unashuka kuugusa uso wa maji mbele kidogo, pale ambapo kivuli cha kilima kinaishia, na tyubu ile kubwa nyeusi ilikuwa kwake kama tanga.

Sisi tuliokulia Binza tunajua kuvuka mto Simiyu ukiwa mkavu. Kuogelea hatujui. Tuliingia majini na nguo zetu hadi kifuani, ardhi ikakatika chini ya miguu, tukasimama pale kama mti, tukipiga kelele. Kaka yake, ambaye kwa siku mbili za ubao alijiona amekuwa samaki, alitaka kujitupa amfuate. Mama yake alimkamata kiuno wakaanguka wote wawili mchangani. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba mama huyu, kwa kumzuia mwanawe, pengine aliokoa maisha ya pili siku ile, kwani wapo wanaokufa maji kwa kuingia kuokoa bila kujua kuogelea.

Aliyemwokoa binti yetu ni mzee mvuvi, aliyekuwa ameketi chini ya mti akishona wavu. Hakukimbia, wala hakutuuliza lolote. Alisimama mahali pa juu, akaweka mikono kinywani, akaita kwa sauti ambayo hatukuitazamia kutoka kwa mtu wa umri wake: "Usishuke, mjukuu wangu! Kaa hapohapo! Shika tyubu!" Akarudia maneno hayo huku vijana wawili wakisukuma mtumbwi. Walipomfikia, mtoto alikuwa mbali kiasi kwamba hatukuweza kuuona uso wake. Kwa saa ilikuwa kama dakika ishirini tangu tulipoinua macho mpaka alipokanyaga mchanga. Midomo ilikuwa inatetemeka. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Shikamoo babu," na mzee akaitikia, "Marahaba," kana kwamba wamekutana sokoni.

Tulitoa fedha, akazikataa. Tulimwuliza ilikuwaje maji yaliyotulia yakamchukua mtoto, wakati yale ya upande wa mawimbi yalikuwa yanamrudisha kaka yake kila mara. Akatutazama kwa huruma. "Ndugu yangu," akasema, "wimbi linakuja nyumbani. Upepo wa nyuma ya mgongo hauji, unakwenda. Haya maji yanayolala ndiyo yanayotuchukulia watoto, maana mtu hayaogopi." Kisha akaongeza jambo ambalo limetukaa moyoni hata leo. Alisema kwamba yeye kwa kawaida hashoni wavu pale. Siku hiyo mti wake wa siku zote ulikuwa umekaliwa na watu wenye sherehe.

Maana yake ni kwamba mtoto wetu yu hai kwa sababu ya sherehe ya watu tusiowajua.

Tangu turudi tumekuwa tukisoma na kuuliza, na tumeona kwamba jambo hili ni kubwa kuliko nyumba yetu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa chini ya umri wa miaka 30. Shirika hilo linashauri, pamoja na mambo mengine, watoto wa shule wafundishwe misingi ya kuogelea na namna ya kuokoa mtu pasipo kujihatarisha. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2021, uliitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbushana juu ya kuzuia vifo vya maji. Hapa kwetu tarehe hiyo huja katika msimu wa pamba, na hatukumbuki kuisikia ikitajwa.

Tunajua jibu litakalotolewa haraka: fedha hazipo. Ndiyo maana tunapenda kutaja mfano wa mahali ambapo kazi kubwa inafanywa na jicho la mtu. Katika mji wa Muizenberg, kando ya Cape Town, familia zimekuwa zikienda kujifunza kupanda mawimbi kwa zaidi ya miaka 100. Hata Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi, alijaribu ubao huko mwaka 1922. Hatari ya mahali hapo ni papa. Tangu mwaka 2004 wakawekwa watu wa kukaa mlimani juu ya mji, wakitazama bahari, na ufukoni ikawekwa bendera ambayo rangi yake humwambia kila mtu hali ilivyo. Akionekana papa, king'ora kinalia na watu wanatoka majini. Msingi wa mpango huo ni mtu aliyekaa mahali pa juu, mwenye kazi moja tu, ya kutazama.

Sisi hatuna papa. Tuna upepo, na mahali pengine viboko na mamba. Lakini watu wa kutazama tunao tayari. Karibu kila mwalo wa Ziwa Victoria una kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ambacho wananchi wamezoea kukiita BMU. Vikundi hivyo vinajua ziwa kuliko mtu yeyote wa ofisini. Wanajua asubuhi upepo unatoka wapi na alasiri unageukia wapi. Wanajua ufuko upi una mteremko wa ghafla, na upi una kiboko anayetoka jioni. Kwa nini halmashauri za wilaya za kando ya ziwa, Busega, Bunda na Ukerewe, zisikubaliane na vikundi hivi kwamba katika fuko chache zinazotembelewa na wageni, siku za likizo na sikukuu, awepo mtu mmoja mwenye filimbi na mtumbwi ulio tayari, na alipwe? Ada ndogo ikitozwa kwa mgeni anayeingia ufukoni, au kwa anayekodisha tyubu, itatosha. Sisi tungelilipa ada hiyo mara kumi.

Na hizo tyubu zifungwe kamba. Kamba ya hatua ishirini, upande mmoja tyubu, upande wa pili kigingi. Kamba ya namna hiyo haimshindi mtu anayeishi kwa kamba na nyavu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema haya kwa heshima, maana sisi ndio tuliookolewa. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa siku hizi haji kutafuta sato peke yake. Anakuja na watoto wasiojua maji, wenye macho yaliyojaa picha. Anayekuja kutoka Binza, Maswa au Meatu ni mgeni mzuri: hula chakula chenu, hulala katika nyumba zenu, hupanda pikipiki zenu, na wala hadai bei ya dola. Lakini haujui upepo. Kwake ziwa ni kitu kimoja tu, pana na zuri. Ubao wa mti uliopigiliwa ufukoni, ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida kwamba upepo wa hapa unakwenda ziwani, mtoto asikalie kitu kinachoelea, ungalitutosha sisi. Kijana wa kukodisha naye angetuambia kwa mdomo, tungelishukuru. Hakutuambia, na hatumlaumu sana, kwa kuwa yeye alidhani kila mtu anajua.

Lipo pia suala la kichocho, na halifai kufichwa kwa kuogopa kuwatisha wageni. Kichocho cha tumbo kimekaa katika mialo ya ziwa hili muda mrefu. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu wanaowatoa huzidi majini jua linapokuwa juu. Kwa hiyo ule ufuko wa utulivu, wenye matete, saa saba mchana, una ubaya wa namna mbili. Mawimbi na mchanga mtupu ni salama zaidi kwa jambo hilo, ingawa hakuna mahali pa kuapia. Dawa yake, prazikwanteli, inafahamika na hugawiwa shuleni katika sehemu zenye ugonjwa. Waganga wakuu wa wilaya za bara wangefanya vema kuwaambia wazazi kwamba mtoto aliyekwenda kuogelea ziwani apelekwe kupimwa baada ya wiki kadhaa, hata kama haumwi. Watoto wetu tuliwapeleka.

Turudi kwenye ule ua wa nyumba ya wageni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu katika ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo uliwekwa kwa ajili ya kulinda maji, lakini kwa kufanya hivyo unamwachia pia mwananchi mahali pa kupita na mtoto wa kijiji mahali pa kuchezea. Vijana tuliowaona upande wa kusini wakipanda mawimbi ni waogeleaji hodari kwa sababu hakuna aliyewafukuza majini tangu wakiwa wadogo. Watoto wa kisiwani wakifungiwa ufuko, baada ya miaka ishirini hatutapata tena wazee wa kusukuma mtumbwi bila kuuliza. Wakubwa wanaohusika na ardhi waende wakaone wenyewe, na wapime kwa utepe.

Kuhusu kufundisha kuogelea, wapo Watanzania waliokwisha kuonyesha njia. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha hata wasichana, waliokuwa wakiishi hatua chache kutoka baharini bila kujua kuogelea. Waliletewa mavazi ya kuogelea yanayowasitiri mwili wote, wakafundishwa na walimu wanawake, na wazee waliokuwa na mashaka wakaridhika. Ikiwa katika mji uliozungukwa na bahari watu hawakuona haya kukiri kwamba watoto wao hawajui maji, sisi wa nchi ya pamba tuna sababu gani ya kuona haya?

Maana isidhaniwe kwamba sisi wa bara tumeepukana na hatari hii kwa kukaa mbali na ziwa. Binza tuna malambo. Tuna mashimo ya mchanga yanayojaa maji masika. Tuna mto Simiyu, ambao miezi mingi ni njia ya ng'ombe na usiku mmoja huamka ni bahari. Watoto wanaochunga huoga lambo la mifugo mchana kutwa, na mzazi anayejua kuogelea katika kijiji kizima ni wa kutafutwa kwa taa. Mwalimu wa michezo aliyefunzwa, lambo moja lililopimwa kina chake, kamba, na madumu matupu manne: shule ya msingi inaweza kuanza na hayo. Tungependa Afisa Elimu wa Mkoa atuambie kama lipo jambo linalozuia.

Tulirudi siku ya sita. Mzee wa mtumbwi, ambaye alikuwa amekataa fedha, alikubali michembe iliyobaki, akasema mke wake anazipenda lakini meno yamekwisha, kwa hiyo atazila yeye. Wale vijana wa pwani ya kusini walimpa mwanetu ubao wake, ule aliojifunzia. Ulikuwa mrefu kuliko yeye. Kivukoni haukutozwa kitu. Bunda kondakta wa basi aliudai nauli ya mtu mzima, tukabishana mpaka Lamadi, na mwishowe tukalipa nusu.

Ubao huo sasa uko darini, juu ya magunia. Kila jioni mtoto anauliza kama anaweza kwenda nao lamboni pamoja na wenzake, na kila jioni mama yake anamwuliza swali lilelile: ni nani huko lamboni anayejua kuogelea? Amekwisha kuwataja watu watatu. Mama amekwenda kuwauliza mmoja mmoja, na wote watatu wamesema wanajua kidogo. Ubao haujashushwa.